Kununua Kompyuta Mpakato ya Ofisi Iliyokwisha Kutumika

Kompyuta mpakato za ofisi zinazouzwa zikiwa zimekwisha kutumika nyingi zina asili inayofanana. Kampuni kubwa au idara ya serikali huko Uingereza, Marekani au kwingineko ilizinunua au kuzikodi kwa mamia, ikawagawia wafanyakazi wake, na baada ya miaka mitatu hadi mitano ikaziondoa zote kwa mkupuo ili kuleta mpya. Hazikuondolewa kwa kuharibika. Mkataba wa kukodi uliisha, au waranti ya kiwandani ilifika mwisho. Wanunuzi wa jumla huzichukua, huzikagua, hufuta data, huzipanga kwa madaraja ya A, B na C, kisha huzisafirisha, nyingine zikipitia Dubai kabla ya kufika Mombasa na Dar es Salaam. Ndizo zinazopangwa kwenye meza za vioo za Luthuli Avenue jijini Nairobi na katika maduka ya Kariakoo.

Zinatoka katika koo tatu kuu: ThinkPad, iliyoanzia kwa IBM mwaka 1992 na kuhamia Lenovo mwaka 2005, Latitude ya Dell, na EliteBook pamoja na mdogo wake ProBook, zote za HP. Ziliundwa kwa ajili ya mtu anayechapa kutwa nzima, na pia kwa ajili ya fundi atakayezifungua. Bawaba zake ni imara, skrubu za chini ni za kawaida, na watengenezaji wote watatu huweka kwenye tovuti zao miongozo ya kufungua modeli zao hatua kwa hatua. Kwa kuwa modeli moja iliuzwa kwa wingi, vipuri kama kibodi, kioo na feni huendelea kupatikana kwa miaka mingi. Mashine mpya ya bei ileile mara nyingi huwa na prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa kwenye mazabodi. Siku hifadhi hiyo ikifa, mashine nayo imekwisha. Kwa karani, mhasibu, katibu wa shule au mwenye duka anayefunga hesabu jioni, mashine ya ofisi yenye umri wa miaka sita au saba ni chombo bora kuliko hiyo mpya, na kwa mbali.

Ubora huo, hata hivyo, humfikia tu anayejua analipia nini. Jambo la kwanza ni kutenganisha vinavyobadilishika na visivyobadilishika. Betri, SSD, chaja, kibodi na mara nyingi RAM hubadilishwa na fundi wa kawaida kwa saa moja. Prosesa imechomelewa. Mazabodi ikiwa na kasoro, gharama yake hukaribia bei ya mashine nzima. Kufuli za kielektroniki zilizoachwa na kampuni ya zamani haziondolewi na fundi yeyote wa halali. Muuzaji mjanja hupamba kundi la kwanza: husafisha ganda, hubandika stika mpya, hutia SSD kubwa. Mnunuzi na aanzie kundi la pili, na likimridhisha ndipo ahamie kwenye mapambo.

Prosesa ndiyo ya kutazamwa kabla ya vyote, na kinachotazamwa ni kizazi chake. Wateja wengi huuliza kama mashine ni i5 au i7, na wauzaji hupanga bei kwa kufuata swali hilo. Ni swali pungufu. Katika prosesa za Intel, kizazi husomwa kwenye namba inayofuata jina: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, na namba ikianza na 1, kama i5-10310U au i5-1135G7, husomwa tarakimu mbili za mwanzo, yaani cha 10 na cha 11. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa za mpakato za kizazi cha 8, na hapo kukatokea mruko mkubwa: i5 za jamii ya U, ambazo hadi kizazi cha 7 zilikuwa na viini viwili, zikawa na viini vinne. Matokeo yake, i7-7600U yenye viini viwili huachwa nyuma na i5-8250U, ingawa ya kwanza inajiita i7 na huenda ikauzwa ghali zaidi. Stika iliyo kando ya kibodi si ushahidi, kwa sababu stika huuzwa. Ushahidi ni mashine yenyewe: kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager, na kwenye ukurasa wa utendaji jina kamili la prosesa linasomeka.

Kizazi kinabeba uzito mwingine mkubwa zaidi ya kasi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na watumiaji binafsi wakaachiwa mwaka mmoja tu wa nyongeza ya masahihisho ya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11, kwa upande wa Intel, hudai prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache mno, pamoja na moduli ya usalama ya TPM 2.0. Ndiyo maana soko limejaa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zenye bei ya kuvutia: ofisi za Ulaya zinazitoa. Baadhi ya wauzaji hulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine hizo kwa njia za kukwepa ukaguzi, kisha huziuza kana kwamba zinastahili. Zitawaka na zitafanya kazi, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kupata masasisho. Mwenye pesa ya kudunduliza huumizwa hapa bila kujua, na maumivu huja baadaye, akiwa tayari ameingiza humo hesabu za wateja wake.

Jina la modeli husaidia kukadiria, ila halitoshi. Namba ya G kwenye EliteBook si kizazi cha prosesa: 840 G3 ni ya kizazi cha 6, na 840 G5 ndiyo iliyofikia cha 8. Kwa ThinkPad, mpaka ni T480. Kwa Latitude, ni 5490 na 7490. Lakini modeli hizi za mwaka 2018 zilisimama mpakani, na baadhi ziliuzwa zikiwa na prosesa za kizazi cha 7. Hivyo hata anayetajiwa T480 na aisome namba ya prosesa kwa macho yake. Anayeweza kuongeza pesa kidogo apande hadi T490, 840 G6 au Latitude 5400, zilizotoka mwaka 2019, ambazo hazina utata huo. Upande wa AMD, mashine zenye Ryzen PRO za mfululizo wa 4000, kama ThinkPad T14 ya kwanza ya AMD na EliteBook 845 G7, ni nzuri sana, na wauzaji wasiozijua huziweka bei ya chini kuliko zinavyostahili.

Mashine ya kizazi cha 6 au 7 haifai kutupwa. Ikiwekewa Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayoendelea kupewa masasisho, hutosha kwa barua pepe, kuandika na kazi za kwenye kivinjari. Kikwazo ni programu: ofisi inayotumia programu ya uhasibu ya Tally au QuickBooks ya kuwekwa kwenye mashine inahitaji Windows, na ni vizuri kuhakikisha hilo kabla ya kushawishiwa na bei.

RAM na hifadhi hazihitaji maneno mengi. GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kufanya kazi bila kusubiri. GB 16 humpa nafasi anayefungua kurasa nyingi za kivinjari pamoja na majedwali makubwa. La muhimu ni kama RAM inaweza kuongezwa. T480 na 840 G5 zina nafasi mbili za RAM. T490 ina sehemu iliyochomelewa na nafasi moja. X1 Carbon, inayopendwa kwa wepesi wake, imechomelewa yote, na ikiwa ya GB 8 itabaki hivyo maisha yake yote. Kuhusu hifadhi, isichukuliwe mashine yenye diski ya kuzunguka kama SSD haitatiwa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha afya ya SSD kwa asilimia na saa ilizokwisha kufanya kazi.

Kufuli ndizo zinazostahili muda mrefu zaidi kwenye kaunta, kwa sababu hazionekani. Kufuli ya kwanza ni nenosiri la msimamizi katika BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows. Mashine huwashwa upya huku ikibonyezwa F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP au F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri, au ikifunguka huku mipangilio imefifia na haibadiliki, kuna kufuli. Ahadi kwamba fundi ataiondoa kwa kuchomoa betri ndogo ya mazabodi isiaminiwe: kwenye ThinkPad nenosiri hilo hukaa kwenye chipu isiyopoteza kumbukumbu umeme unapokatika. Ukiwa ndani ya BIOS hiyohiyo, ni vyema kutafuta kipengele cha Absolute, kilichokuwa kikiitwa Computrace. Ni mfumo wa kufuatilia mashine zilizoibwa, na ukiwa hai, kampuni ya zamani inaweza kuifunga mashine kutoka mbali hata baada ya diski kufutwa.

Kufuli ya pili ni mpya zaidi na huwapita hata wauzaji waaminifu. Kampuni nyingi husajili kompyuta zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Usajili huo haukai kwenye diski bali kwenye seva za Microsoft, ukifungamanishwa na utambulisho wa mazabodi. Kampuni ikisahau kuifuta mashine kwenye orodha yake, kubadilisha SSD hakusaidii lolote. Fundi akiweka Windows bila intaneti, mashine huonekana huru kabisa na huweza kutumika hivyo kwa miezi. Siku itakapofutwa na kuanzishwa upya ikiwa kwenye mtandao, kioo huleta jina na nembo ya kampuni ngeni, na chini yake kisanduku kinachodai barua pepe ya mfanyakazi na nenosiri lake. Hapo mwenye mashine anabaki ameishika mkononi asiweze kuingia.

Kipimo chake ni kimoja, na muuzaji asiye na la kuficha hatakikataa: Windows ianzishwe upya mbele ya mnunuzi, na ifikapo hatua ya kuunganisha mtandao, iunganishwe kwa data ya simu. Ikiendelea na maswali ya kawaida ya nchi, lugha na akaunti bila kutaja kampuni yoyote, mashine ni huru. Kazi hii huchukua muda, na muuzaji mwenye foleni ya wateja anaweza kununa. Busara ni kwenda asubuhi siku isiyo na msongamano, au kukubaliana kwamba kazi ifanyike kwanza na malipo yafuate.

Betri hupimwa kwa ripoti, kwani asilimia inayoonekana pembeni mwa kioo hueleza tu kiasi cha chaji kilichomo, wala haisemi betri yenyewe imezeeka kiasi gani. Kwenye dirisha la amri huandikwa powercfg /batteryreport, na Windows huandaa ukurasa unaotaja ujazo wa awali wa betri na ujazo wake wa sasa, kwa miliwati-saa. Tuseme EliteBook 840 G5, ambayo betri yake mpya hukaribia 50,000, inaonyesha 31,000. Imebakiwa na asilimia 62. Ikitumia wati 8 kwa kazi nyepesi, itakaa takriban saa nne. Kwa mahali ambapo umeme hukatika, saa hizo ndizo zinazookoa barua iliyokuwa ikiandikwa, na ni sababu mojawapo ya mpakato kuishinda kompyuta ya mezani isiyo na UPS. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa. Ripoti huzitaja zote, na zote zitazamwe. Ikiwa ujazo umeshuka chini ya nusu, bei ya betri mpya iondolewe kwenye bei ya mashine kabla ya kukubaliana.

Betri iliyovimba ni suala la usalama. Mashine huwekwa juu ya meza iliyo sawa na kubonyezwa pembe moja moja; ikiyumba, au padi ya kidole ikiwa imeinuka au haibonyezeki, betri inaweza kuwa imefura na kusukuma ganda. Betri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Isichajiwe, isitobolewe, wala mashine isichukuliwe kabla betri haijabadilishwa.

Chaja nazo zina mambo yake. Dell huweka ndani ya chaja zake alama ya utambulisho, na mashine isipoitambua hugoma kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa, mtumiaji akabaki akidhani kompyuta imechoka. Chaja ya mashine iliyotoka Marekani haina haja ya kutupwa kwa sababu ya plagi: maandishi yake madogo yakisema 100–240V, kinachobadilishwa ni waya tu, uwekwe ule wa pini tatu bapa unaotumika Kenya, Tanzania na Uganda.

Kioo kipimwe kwa macho na kwa namba. Kisichokubalika tena ni cha 1366 kwa 768: jedwali la hesabu hukatika katikati, na rangi hugeuka kila mtu anaposogeza kichwa. Kinachofaa ni cha 1920 kwa 1080 cha aina ya IPS. Baadhi ya EliteBook zina kioo cha faragha kiitwacho Sure View, kilichokusudiwa kumzuia jirani asichungulie. Ubaya wake ni kwamba kinaweza kufifia hata kwa mwenyewe akiketi upande kidogo. Kioo kijazwe rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, ili vidoa na mistari vionekane, halafu kifunguliwe na kufungwa polepole mara kadhaa ili kuona kama bawaba zinalegea au picha inachezacheza.

Kibodi hufichua mashine ilikotoka. Ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3, na alama ya @ iko karibu na kitufe cha Enter. Ya Ujerumani imebadilishana nafasi za Y na Z. Ya Ufaransa ina A mahali pa Q, jambo linalomfaa karani wa Lubumbashi au Bujumbura aliyezoea mpangilio huo na kumsumbua wa Mwanza. Stika zilizobandikwa juu ya vitufe hubanduka; kibodi nzima ya mpangilio unaotakiwa ni uamuzi bora. Kila kitufe kibonyezwe, na kila tundu la USB lijaribiwe kwa flashi. Kamera, maikrofoni na Wi-Fi hukaguliwa kwa pamoja kwa kupiga simu fupi ya video.

Leseni ya Windows hukaa ndani ya mazabodi katika mashine nyingi za ofisi, na toleo lake mara nyingi ni Pro. Kwenye mipangilio, sehemu ya uamilishaji, huonekana kama Windows imethibitishwa kwa leseni ya kidijitali. Panapotakiwa programu fulani ya kuiwezesha, tena programu inayoagiza kizuia-virusi kizimwe, mashine imechafuliwa. Haifai kufunguliwa akaunti ya benki wala kutunza taarifa za wateja. Ndivyo ilivyo pia kwa Microsoft Office ya bure inayotolewa kama zawadi. LibreOffice ni ya bure kihalali na hutosha kwa barua na majedwali ya kawaida. Majedwali yenye makro, zikiwemo fomu za Excel za mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, huhitaji programu kamili ya kwenye mashine. Excel ya mtandaoni haiendeshi makro hizo.

Namba ya mashine iliyo chini ya ganda ilingane na iliyomo ndani ya BIOS. Zikitofautiana, ganda au mazabodi imetoka kwenye mashine nyingine. Namba hiyo, ambayo Dell huiita Service Tag na ina herufi na tarakimu saba, ikiingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji hutoa modeli na tarehe za waranti, na hivyo umri halisi. Iandikwe kwenye risiti ya kodi, iwe ya EFD kwa Tanzania au ya eTIMS kwa Kenya, pamoja na prosesa, RAM, ukubwa wa SSD na muda wa waranti ya duka. Maneno ya waranti yataje kinachofanyika mashine ikidai nenosiri la kampuni: irudishwe na pesa zirudi. Risiti ya aina hiyo humlinda mnunuzi pia iwapo itabainika kwamba mashine iliibwa.

Mashine ikifika ofisini, kazi ya kwanza ni kuweka Windows safi kutoka kwenye tovuti ya Microsoft, hata kama ya duka inaonekana nzuri, na kisha masasisho ya mtengenezaji. Kwa ThinkPad za miaka ya 2017 hadi 2019 hili ni la lazima. Programu ya ndani ya tundu la Thunderbolt katika modeli kadhaa, T480 ikiwemo, ilikuwa na hitilafu inayoweza kulifisha tundu la USB-C, na Lenovo ilitoa sahihisho linalopaswa kuwekwa kabla tundu halijafa. Baada ya hapo mashine itumike kwa nguvu wakati waranti ya duka ingali hai: siku nzima bila kuzimwa, betri iachwe iishe hadi mwisho angalau mara moja, iunganishwe na printa, projekta na kioo cha nje. Ikizima ghafla inapopata joto, feni ikinguruma bila kazi, au chaji ikikatika waya unapoguswa, irudishwe dukani siku hiyohiyo pamoja na risiti yake.